Mtaro Chumbani kwa Mama

9 Novemba

Mdogo wangu,

Mama anasema tusipigiane simu tena. Anasema sisi tukishika simu tunagombana kabla salamu hazijaisha, na kwenye karatasi hakuna wa kumkatiza mwenzake. Basi naandika. Kondakta wa basi la asubuhi ni mtu mwaminifu. Ukitaka kujibu, mkabidhi yeye mkononi.

Nina habari, na nimeshindwa kufanya kazi nyingine yoyote tangu juzi. Wamenipa mji wetu! Mkuu wa idara aliingia na ramani, akaitandaza juu ya meza yangu mpaka ikafunika chai, akasema, "Wewe si wa huko? Basi tuondolee hii aibu."

Unakijua kile kisima cha pampu mwisho wa uchochoro wetu. Majitaka ya mji mzima, ya hospitali, ya soko, ya shule, yote yanateremka kwa mabomba mpaka pale. Halafu pampu inayasukuma kupanda kilima kwenda kwenye mabwawa ya zamani upande wa pili. Umeme ukikatika pampu inasimama, lakini watu hawaachi kwenda chooni. Yanayoshuka yanaendelea kushuka, kisima kinafurika, nanyi mnaweka matofali mlangoni na kuruka kama vyura.

Aliyepanga hivyo alikuwa na akili gani sijui. Mimi nataka kuitoa pampu kabisa. Ukipita kile kisima, ardhi inaendelea kushuka mpaka kwenye mashimo ya wachoma matofali. Pale chini ni mfinyanzi mtupu, unashika maji kama sufuria. Nitachora mabwawa matatu. La kwanza refu kwenda chini, uchafu mzito utulie na kuoza humo. La pili pana. La tatu la kina kifupi, ili jua lipenye na kuua vijidudu. Yanayotoka mwisho unaweza kumwagilia bustani ya miti. Hakuna umeme wala mashine, ni mteremko tu unafanya kazi usiku na mchana na haudai mshahara.

Wapima ardhi watakuja mwezi ujao. Wapokee vizuri. Kuna mambo madogo ya mipaka, hayo tutaongea nikija.

Msalimie wifi. Mwanao Bibi Mdogo mwambie shangazi yake anamletea viatu vyekundu, anitumie alama ya mguu wake kwenye karatasi.

Dada yako


20 Novemba

Dada,

Barua yako nimeisoma kwa sauti hapa kibandani, wateja wakiwa wamekaa na povu usoni. Ulipofika pale pa vyura kicheko kilipasuka, mmoja nusura nimkate sikio. Sasa huku bondeni huitwi tena jina lako. Wewe ni "Injinia Wetu", na mimi kinyozi wa kawaida nimekuwa shemeji wa watu nisiowajua.

Kibanda kinaendelea. Nimetoboa ukuta wa sebule ya Mama, nimeweka mlango wa kioo unaotazama uchochoro, kiti kimoja cha kuzunguka na vioo viwili. Nimemwambia Mama ni kwa muda. Yeye anasema tangu azae hajawahi kuona kitu changu cha muda kikaisha.

Pampu ilizima tena wiki iliyopita. Mama alikuwa amekaa barazani anachambua mboga, akainua miguu tu akaiweka juu ya kinu, akaendelea. Kazoea, na kwangu hilo ndilo baya zaidi.

Bibi Mdogo siku hizi anajifunza kuhesabu kwa vichwa vya wateja. Akifika kwenye kipara anasema, "Huyu ni sifuri." Nimemchora mguu kwenye karatasi. Alicheka kwa kutekenywa na kalamu, ndiyo maana kidole kikubwa kimekwenda upande.

Mdogo wako, Kinyozi


14 Desemba

Dada,

Salamu baadaye.

Wapima ardhi wamekuja. Niliwapa viti kama ulivyosema. Wakanywa maji yangu, wakashukuru, wakatoka nje, wakachukua kopo la rangi wakapiga alama ya msalaba mwekundu kwenye ukuta wa Mama. Nikasema mmekosea nyumba. Kijana wao akafunua makaratasi, akaniambia, "Hatujakosea, mzee. Nyumba zote zilizo karibu na bwawa la kwanza zinaondoka. Hii ya kwenu ni ya kwanza kabisa."

Mambo madogo ya mipaka. Ndivyo ulivyoandika. Ulijua?

Nyumba hii Baba aliijenga akibeba mchanga kichwani baada ya kazi. Wewe ulisomea ndani yake, chini ya dirisha lile. Mama yuko chumbani tangu jana, hasemi na mtu. Ukimtoa humu hatamaliza mwaka, nakwambia, na utakayemzika ni wewe.

Sogeza mabwawa yako. Kilima kipo, ardhi ipo, kalamu unayo wewe.

Mdogo wako


19 Desemba

Mdogo wangu,

Nilijua. Nilitaka kuja kumwambia Mama kwa mdomo wangu, nimekaa naye, nimemshika mkono. Wapima ardhi wakanitangulia. Hapo nimekosa.

Lakini kusogeza, hapana. Nisikilize bila hasira. Nimechora njia nyingine nne. Zote zinatupandisha kilimani, na kupanda ni pampu, na pampu ni umeme, na umeme wa mji wetu unaujua. Itakuwa ni kisima kilekile na uchochoro uleule, ila watu sasa wameongezeka maradufu. Kisima kile kilichimbwa mji ukiwa nusu ya ulivyo leo. Mvua kubwa za masika zikikuta pampu imekufa, hayatakuja kifundoni kama mlivyozoea. Yataingia visimani mnakochota. Nimepiga hesabu hiyo mara nyingi nikitafuta nilipokosea, sijapaona.

Wenye nyumba zenye alama watapewa viwanja kule juu, karibu na shule, na nyumba zijengwe kabla zile hazijavunjwa. Nimeliweka hilo kwenye mpango na sitasaini bila hilo. Kazi ya kwanza ni mtaro mkubwa wa kutoa majitaka kisimani kwenda kwenye mashimo. Ukianza mwezi wa pili, mvua zitaukuta umekamilika.

Mweleze Mama hivi. Tafadhali. Nikikuomba kitu kimoja maisha yangu yote, ni hiki.

Dada yako


6 Januari

Dada,

Nimeelewa. Mama anaendelea vizuri, usiwe na wasiwasi. Tumesikia kutakuwa na mkutano wa wananchi kuhusu mradi. Utakuja wewe mwenyewe, au watamtuma mtu?

Kinyozi


2 Februari

Mdogo wangu,

Ulikuwepo mkutanoni, kwa hiyo unajua kuliko mimi. Mimi homa ilinilaza siku mbili kabla, nikamtuma msaidizi wangu.

Anasema mambo yalikuwa yanakwenda. Alionyesha michoro, watu wakauliza maswali ya maana, harufu, mbu, watoto kutumbukia, akayajibu. Halafu mtu mmoja akasimama nyuma akasema huyu mhandisi ameahidiwa cheo akifanikiwa kuwahamisha, na mabwawa kilimani yangewezekana kabisa ila huko juu wanakaa wakubwa. Ukumbi ukalipuka. Wakatoka wakang'oa vigingi vyote vya wapima ardhi, wengine wakavichoma moto palepale.

Mkuu wa idara ameniita. Mradi umesimamishwa. Badala yake watafunga pampu mpya kwenye kisima kilekile. Nimemwambia ni sawa na kubadilisha mlinzi wakati mlango wenyewe haupo. Akaniambia nikae kwanza.

Ni nani aliyesema maneno yale? Msaidizi wangu hawajui watu wa huko, na alikuwa amekaa mbali. Sitaki kumfanya kitu. Nataka tu nizungumze naye, nimwonyeshe ramani. Bado tuna mwezi mmoja kabla ya mvua, labda na siku kidogo. Akikubali yeye, wengine watamfuata. Mtafute, mdogo wangu. Hapo kibandani kwako maneno yote ya mji yanapita.

Dada yako


11 Februari

Dada,

Pole kwa homa. Kwenye mkutano watu walikuwa wengi na kila mmoja anapiga kelele, sikumwona vizuri aliyesema. Nikisikia chochote nitakwambia.

Ile alama ukutani tumeipaka chokaa. Pampu mpya imeletwa, ya rangi ya bluu, na wameifungia komeo. Inanguruma vizuri. Labda mambo hayatakuwa mabaya kama ulivyohesabu.

Viatu vimefika. Vinambana kidogo lakini hataki kuvivua, analala navyo.

Kinyozi


25 Februari

Binti yangu,

Anayeandika ni mwalimu mstaafu wa nyumba ya pili. Anayesema ni mimi, mama yako. Mwalimu ameshaniambia mara mbili nifupishe, eti karatasi itaisha. Nimemwambia karatasi ni yangu, wino ni wangu, na chai anayokunywa ni yangu pia, aandike.

Mwanangu, nimesikia unamtafuta mtu aliyesimama mkutanoni. Usimtafute tena. Ni mdogo wako.

Nilikuwa nimekaa safu ya mbele na wazee wenzangu. Sauti ile naijua tangu ilipokuwa kilio. Niligeuka nikamwangalia, naye akaniona, akaendelea kusema. Tulipofika nyumbani nikamuuliza, "Kwa nini umemvika dada yako kitu ambacho hakukifanya?" Akasema, "Mama, nimekuokolea nyumba yako."

Nyumba yangu! Ni nani aliyemwambia naililia? Siku ile ya rangi niliingia chumbani nikajifungia, kweli. Nilikuwa nafunga vyombo. Vikombe vya harusi nilishaviviringisha kwenye magazeti. Nilinyamaza kwa sababu naagana na baba yenu humo ndani, na mambo hayo hayana mazungumzo. Yeye hakubisha hodi kuniuliza. Anayeililia nyumba ni yeye, na anacholilia ndani yake ni kile kiti chake cha kuzunguka na mlango wake wa kioo. Kule juu karibu na shule hakuna wateja, hilo ndilo linalomkosesha usingizi. Si mtu mbaya. Ana woga, na woga wake kauita jina langu.

Mimi nimechoka kukaa na miguu juu ya kinu. Kama bado unaweza kuvunja, njoo uvunje.

Mwalimu anasema imetosha.

Mama yako


3 Aprili

Dada,

Hujaandika tangu mwezi wa pili, na najua kwa nini. Mama ameniambia alichokuandikia. Ningeandika mapema, ila kila nikishika kalamu mkono unaniambia niache. Sasa sina nafasi ya aibu.

Mvua zilianza wiki iliyopita hazijapumzika. Nguzo za umeme zimeanguka huko njiani, mji mzima uko gizani, simu zote zimezima. Pampu ya bluu iliguna siku moja ikanyamaza. Kisima kilifurika siku ileile. Hayakuja kifundoni, dada. Yalikuja magotini. Yameingia jikoni, yameingia kibandani, kiti changu kimesimama ndani yake kama kisiwa. Kisima cha kuchota maji pale kwa mwalimu kimefunikwa kabisa, na watu walikuwa wameshachota kabla hawajajua.

Watu wanaumwa. Wanaharisha maji matupu. Uchochoro wetu kila nyumba ina mgonjwa, na nyumba nyingine hazina aliyebaki mzima wa kuchota maji.

Bibi Mdogo ameanza jana asubuhi. Nakuandikia nikiwa kwenye benchi la zahanati, amelala mapajani mwa mama yake. Muuguzi ni mmoja na benchi limejaa mpaka nje. Dawa ya chumvi na sukari imekwisha. Macho yake yameingia ndani na analia bila machozi. Muuguzi ameniambia, "Mpe maji safi, kidogokidogo." Nimemuuliza maji safi yako wapi. Akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Wewe ni mtu mkubwa huko. Waambie walete jenereta pampu iwake. Walete hata gari la kunyonya. Nilikutukana mbele za watu, naomba unitukane na wewe unavyotaka, lakini zungumza nao kwanza. Dada, nakuomba. Zungumza nao leo.

Mdogo wako


5 Aprili

Mdogo wangu,

Barua imenifikia leo asubuhi na ninaijibu nikiwa nimesimama, kondakta amekubali kunisubiri mpaka mchana.

Kwanza mtoto. Ndani ya mfuko huu kuna pakiti za dawa ya chumvi na sukari, nyingi, nimenunua duka zima. Pakiti moja kwa chupa kubwa ya maji yaliyochemshwa na kupoa. Mpe kijiko kimoja kimoja, akitapika subiri kidogo, rudia. Usiache hata akikataa. Kuna na vidonge vya kutakasa maji, maelezo yako juu ya kopo. Wagawie jirani.

La pili. Mimi si mtu mkubwa tena. Sikutaka mjue. Baada ya mkutano waliniondoa kwenye usanifu, wakaniweka stoo. Nahesabu mita za maji, naandika zilizovunjika. Simu ya ofisi waliichukua siku hiyohiyo. Leo nimekwenda mlango kwa mlango kuomba jenereta. Wa kwanza kaniambia siyo idara yake. Wa pili kaniambia niandike barua. Wa tatu ameniuliza kama mimi ndiye yule aliyesemwa mkutanoni. Sitoki hapa mpaka nipate jenereta, nitalala mlangoni kwao ikibidi. Lakini msiisubiri. Hata ikija, barabara ilivyo, itachelewa.

La tatu, na hili lisome kwa makini, uwasomee wengine. Mnaweza kuyatoa maji hayo wenyewe. Chimbeni mtaro kutoka kisima cha pampu kwenda kwenye mashimo ya matofali. Chukueni mpira wa kupimia usawa, ule wa mafundi ujenzi, unaoonyesha maji ndani. Kila hatua kumi mtaro ushuke kwa upana wa vidole viwili, usizidi sana, usipungue. Anzeni kuchimba kutoka kule mashimoni mje juu, ili mkifika kisimani maji yaondoke hapohapo na msichimbe ndani ya uchafu. Anayechimba avae viatu na afunge mdomo, akitoka anawe kwa sabuni kabla hajagusa kitu.

Njia ni moja tu. Nimeipima nikiwa na ramani na nimeipima nikiwa mtoto nikicheza pale mvua ikinyesha. Kushoto kuna mwamba. Kulia kuna msingi wa shule ya zamani. Katikati kuna nyumba yetu. Mtaro lazima upite ndani, kwenye chumba cha Mama, pale pa chini kabisa. Ukuta wa nyuma uvunjwe, na wa mbele pia, ule wa kibanda.

Vunja, mdogo wangu. Usimwulize mtu. Mama alisharuhusu.

Niandikie habari za mtoto kwa basi la kesho. Neno moja linatosha.

Dada yako


10 Aprili

Dada,

Mfuko wako ulifika. Dawa nimewapa mapacha wa jirani, wanaendelea vizuri.

Bibi Mdogo hakuzisubiri. Alifariki mchana wa tarehe nne, palepale kwenye benchi, watu wakipita barabarani na shughuli zao. Barua yako ilipofika tulikuwa tumeshamzika. Ndiyo maana sikukuletea neno kwa basi la kesho yake. Nilijaribu kuandika, likakataa kuwa moja.

Mama yake hazungumzi na mimi. Anakula akipewa na Mama.

Mtaro tumeuchimba. Niliwasomea barua yako nikiwa juu ya meza, maana chini palikuwa hapasimamiki. Hakuna aliyebisha. Waliong'oa vigingi ndio walioshika majembe wa kwanza. Fundi wa kujenga alileta mpira wake. Tulianzia mashimoni kama ulivyosema, tukaja juu, na siku ya tatu tukafika ukutani kwetu.

Nyundo niliishika mimi. Watu walitaka kunisaidia, Mama akawaambia, "Mwacheni." Nilivunja nyuma, nikavunja chumba, nikavunja mbele. Mlango wa kioo niliutoa kwanza kwa uangalifu, nikaulaza pembeni, halafu nikauangalia, nikaona nafanya nini, nikaurushia nyundo.

Tulipotoboa pale kisimani maji yalisimama kidogo kama yanafikiri. Halafu yakaondoka. Yakapita pale kitanda cha Mama kilipokuwa, yakateremka. Jioni uchochoro ulikuwa tope tupu. Watu walikaa chini wakalitazama lile tope kana kwamba ni kitu kizuri.

Jenereta haijaja.

Mdogo wako


2 Mei

Dada,

Nimesubiri uandike, hukuandika. Watu wanauliza, shangazi yake mtoto mbona hatumwoni? Wifi yako anauliza. Nawaambia yuko njiani.

Umeme ulirudi, ukakatika tena juzi na mvua ikawepo. Mtaro ulibeba. Uchochoro wetu haujapata mgonjwa mpya tangu tuuchimbe. Mama anakaa kwa mwalimu. Wanagombana kutwa juu ya nani anamaliza sukari, kwa hiyo yuko salama.

Mkuu wako wa idara alikuja na magari mawili kutazama. Waliitisha mkutano palepale penye vifusi vyetu. Akaanza kueleza jinsi pampu nyingine kubwa zaidi itakavyoletwa. Nikasimama. Safari hii nilisimama mbele, wanione. Nikasema, "Mwezi wa kwanza nilisimama nikasema mhandisi ameahidiwa cheo. Mhandisi ni dada yangu, na nilisema uongo. Nilikuwa nalinda kibanda changu. Mtoto wangu yuko makaburini. Msituletee pampu, turudishieni mchoro." Hakuna aliyenipigia makofi, na sikuyataka. Mzee mmoja alitema mate chini akaondoka. Yule mkubwa akasema suala hilo litaangaliwa. Nilimfuata mpaka garini nikamuuliza litaangaliwa na nani, akapandisha kioo.

Nakuandikia kwa sababu ya jambo jingine, si kuonewa huruma. Mashimo yanajaa. Shimo la kwanza limebakiza kimo cha mtoto. Kingo zake ni za udongo uliomwagwa tu, na fundi anasema zinaanza kuvuja maji upande wa chini, kuliko na nyumba nyingine. Tumeweka viroba vya mchanga. Hatujui kama tunasaidia au tunaharibu. Hatujui tufungulie wapi, tuzuie wapi. Kule chini nako kuna watoto, dada. Nimekwenda kuwaona. Nilisimama uchochoroni kwao nikawaangalia wanacheza, mama yao akaniuliza nataka nini, nikaondoka.

Sijui nani wa kumuuliza isipokuwa wewe.

Mdogo wako


9 Mei

Mdogo wangu,

Barua yako ya tarehe kumi Aprili ilinikuta kwenye ngazi za ofisi ya nne. Nilikuwa nimeshaandikiwa kibali cha jenereta, nimekishika mkononi. Nilikaa palepale kwenye ngazi. Tangu hapo nimeanza barua kwako kila siku, sikumaliza hata moja. Kama ningekuja, ningekuja kukuuliza kwa nini, na wewe usingekuwa na jibu, na mimi ningekuuliza tena. Ndiyo sababu sikuja. Nilikaa stoo nikahesabu mita. Nilikuwa naogopa mdomo wangu.

Hii ya tarehe mbili imenifikia jana tu. Msifungue kingo mahali popote. Viroba viwekeni upande wa nje, chini kabisa, si juu. Hamisheni watu wa nyumba zile za chini waende shuleni, leo, hata wakiwatukana. Fundi achimbe njia ya kupunguza maji kutoka shimo la kwanza kwenda la pili, juu kabisa ya ukingo, upana wa majembe mawili, chini aipange mawe ili maji yasiule udongo. Aanze bila kunisubiri. Mengine lazima niyaone kwa macho.

Nimeomba ruhusa, wamekataa. Nimeondoka hivyohivyo. Michoro yote ninayo, nimeitoa ukutani mwenyewe, na funguo za stoo nimeziacha juu ya meza. Barua hii inatangulia kwa basi la leo, mimi napanda la kesho.

Sijakusamehe. Nikikuandikia kwamba nimekusamehe nitakuwa nakudanganya, na uongo umetumaliza sisi, wa kwako na wa kwangu. Ukija kunipokea usinipigie magoti mbele za watu. Beba mzigo tu, tutembee.

Wifi mwambie nakuja. Akinifungia mlango nitakaa nje.

Na hao wanaonisubiri na mpira na majembe waambie wavumilie kidogo, sitaanza na mtaro. Kutoka stendi nipeleke kwa Bibi Mdogo. Nionyeshe ni lipi, kisha wewe usimame mbali. Nikimaliza nitakuita, tushuke mashimoni.

Dada yako